Cherehani Zilizokatwa Plagi

Kazini kwake mdogo wangu anaitwa Chomeka, na sisi wa nyumbani tumeishia kumwita hivyo hivyo. Hakuna ubaya ndani yake. Ni kwamba kila asubuhi akiingia ghalani, kabla hata salamu hazijaisha, utamsikia, "Haya, chomeka tuone." Akikuta televisheni, chomeka. Akikuta pasi, chomeka. Siku moja wapagazi walimletea kiti cha mbao kilichosahaulika kwenye kontena, wakamwuliza kwa uso mkavu, "Mzee, na hiki?" Akakizunguka chote akitafuta waya. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na yeye alipoelewa akacheka kuliko wao.

Ni mkaguzi wa forodha. Amewekwa kwenye ghala la vitu vya umeme vilivyotumika, vile vinavyoshuka na makontena kutoka nchi za mbali: mafriji, kompyuta, feni, redio, majiko. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo haya nimeyajua kwa kumsikiliza yeye akila. Alinieleza kwamba duniani kila kitu kinachovuka mpaka kina namba yake. Ng'ombe ana namba, kijiko kina namba. Televisheni iliyotumika lakini bado inaonyesha picha inabaki na namba ya televisheni. Ikiwa imekufa, haiitwi tena televisheni. Inahamia kwenye namba ya taka za umeme, na huko sheria ni kali: nchi inayotuma ilitakiwa iombe ruhusa kwanza, na nchi inayopokea ikubali. Kama hakuna aliyeomba wala aliyekubali, mzigo unarudi ulikotoka.

"Kwa hiyo dada," aliniambia huku akipuliza chai, "mimi ni kama muuguzi wa zamu. Nasema huyu mzima, huyu maiti. Na maiti hapiti bila ruhusa ya kwao na ya kwetu."

Nikamwambia asifanye mzaha na maiti.

"Sifanyi mzaha," akasema. "Hivi vya kwangu navyo vinanuka."

Hilo nalijua, maana nilikuwepo alipojifunza. Alipokuwa mgeni kazini lilikuja kontena la televisheni. Safu ya mbele alizichomeka zote, zikawaka vizuri, picha safi. Za nyuma zilikuwa zimepangwa mpaka juu, jioni imefika, dereva analalamika. Akasema zote ni mali, si taka, zipite. Haukupita muda mrefu, kule nyuma ya shule walikosoma watoto wangu, kwenye bonde lenye kijito, tukaanza kuona moshi mweusi. Watu walikuwa wanavunja televisheni kwa mawe na kuchoma waya wapate shaba. Watoto wakawa wanarudi nyumbani wanakohoa, na maji ya kijito yakawa na utando wa rangi rangi kama mafuta. Mdogo wangu alikwenda mwenyewe kuangalia. Alizikuta televisheni zake, zile za nyuma. Alirudi akakaa kwenye ngazi ya mlango wangu. Nilimwekea maji ya kunawa, akanawa, akanawa tena. Tangu hapo ndipo lilipozaliwa neno lake. Cha mbele, cha kati, cha nyuma, vyote chomeka.

Na ana namna yake ya kukagua. Kabla ya kuchomeka hukizunguka kitu polepole na kukipapasa mgongoni kwa kiganja, kama mtu anayemtafuta mtoto homa. Vijana wanaoanza kazi huwaambia, "Angalieni mkono wa mwisho uliokishika. Anayemuaga mgeni na anayemfukuza mbwa hawafungi mlango sawa." Nikamwuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Akasema hajui, yamekuja tu.

Sasa mke wake, wifi yangu, ni fundi wa kushona. Tunakaa uwanja mmoja, mlango wangu unatazamana na wao, na kwa miaka yote hiyo saa yangu imekuwa ni cherehani yake. Ni cherehani ya miguu, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Ikianza kunguruma najua watoto wameshaenda shule. Ikinyamaza najua ni wakati wa kuinjika chakula. Ameshona sare za nusu ya mtaa huu. Anafundisha pia wanawake wengine watano, wanakuja kukaa barazani kwake wakigombea cherehani hiyo moja.

Ila goti lake la kulia limekwisha. Lilianza kwa kuuma jioni tu. Likaja kuuma mchana. Mwisho likawa linavimba mpaka sketi inainuka. Daktari alimwambia wazi, "Mama, uchague. Cherehani hii au goti hili." Wifi akarudi nyumbani, akakaa mbele ya cherehani yake, akaanza kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Mshono ukawa unakwenda kama mlevi. Akang'oa uzi, akaanza tena. Mimi nilikuwa napepeta mchele pale nje, nikajifanya sioni, kwa sababu wifi yangu ni mtu ambaye ukimwona analia atakwambia ni kitunguu hata kama hakuna sufuria motoni.

Msaada ukatoka kwa mdogo wake aliyeko ng'ambo. Huyo binti hufanya usafi kwenye kiwanda cha nguo, na kiwanda hicho kilikuwa kinaondoa cherehani zake za umeme kilete za kisasa. Aliwaendea wakubwa wake akaomba. Wakampa sita. Moja ya dada yake, nyingine za wale wanawake wa barazani. Cherehani ya umeme haitaki goti. Unaigusa tu kwa ncha ya kiatu, mota inafanya kazi yote. Wifi aliposikia habari hiyo kwenye simu alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Jioni ile ile, tukiwa mezani, simu ikaita tena. Wifi akaweka sauti ya nje.

"Dada, kuna jambo. Umeme nimeuliza, nguvu yake ni sawasawa na ya huko. Ila plagi za huku miguu yake haifanani na ya huko. Nizitume hivyo hivyo?"

Wifi akamgeukia mumewe. "Baba, anauliza plagi."

Mdogo wangu alikuwa na mfupa mkononi, na siku hiyo alikuwa amechomeka mafriji tangu asubuhi. Hata hakuinua kichwa. "Azikate tu. Nitaweka za kwetu zikifika."

"Umesikia? Anasema ukate."

"Sawa shemeji, nakata!"

Basi. Tukaendelea kula. Mimi nikakusanya sahani. Hakuna aliyeona kitu kimepita hapo mezani.

Mzigo ulikuja ndani ya kontena la mizigo ya watu wengi. Mdogo wangu alijua unakuja, lakini hakujua umepangwa ghalani kwake. Siku walipovunja lakiri na kufungua milango, akaanza kuzunguka kama kawaida yake, hiki, kile, mpaka akafika kwenye blanketi za bluu zilizofungwa kwa kamba ya vitambaa. Akafunua moja. Akaona cherehani. Akatafuta waya ulipo, akaushika, akaufuata kwa vidole mpaka mwisho. Hapakuwa na plagi.

Lazima niseme jambo hili kama alivyoniambia, la sivyo hamtaelewa kilichomkuta. Pale ghalani, kitu kilichokatwa plagi hakichomekwi. Kimeshahukumiwa. Huko kinakotoka, wanaovunja vitu vibovu hukata waya kwanza ili mtu asije akakiwasha tena, na shaba ya waya wakauze. Kwa hiyo mkaguzi akikuta kimekatwa, hahangaiki. Anakisukuma upande wa taka. Na mtu haruhusiwi kukifunga plagi mpya humo ghalani, kwa sababu kabla kitu hakijapewa namba yake hakitengenezwi, hakipakwi rangi, hakiguswi kwa bisibisi. Kingekuwa kinatengenezwa kwanza, kila maiti angepambwa akapita.

Sheria hiyo wameifuata miaka na miaka. Mdogo wangu mwenyewe ndiye huwasomea wanaoanza kazi.

Akaifunika cherehani kwa blanketi lake, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa ghala. "Mkuu, ule mzigo wa blanketi za bluu ni wa mke wangu. Mimi siuwezi. Kinyozi hajinyoi."

Mkuu wa ghala ni mtu mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Akasema vizuri umesema, akampa kazi hiyo mkaguzi mwingine, msichana wanayemwita Miwani, ambaye mdogo wangu ndiye aliyemfundisha kazi.

Hapo angekuja nyumbani akanyamaza, labda mambo yangekwenda kivingine. Lakini hajui kunyamaza. Alivua viatu akasema, "Mama watoto, mzigo umefika, na umekatwa plagi. Utaandikwa taka. Utarudi."

Wifi alikuwa anapaka goti dawa. Akaacha mkono juu yake. "Umekatwa na nani?"

Akapanga viatu vyake mlangoni.

"Nakuuliza baba, ni nani aliyesema zikatwe?"

"Mimi."

"Wewe. Wewe ambaye kazi yako kutwa ni plagi."

"Nilikuwa nakula."

"Ulikuwa unakula!" Akasimama, goti likamrudisha chini. "Na umeziangalia vizuri angalau? Umezizunguka? Umezishika mgongo?"

"Si zangu kukagua. Nimemwachia mwingine."

"Sikuulizi kukagua. Nauliza kuangalia."

Hakuwa ameziangalia. Aliona waya wa kwanza akaogopa, akafunika. Wifi alimsoma usoni. "Za watu wote unazipapasa kama watoto wako. Za mkeo umeogopa hata kuzifunua. Unaogopa watasema unapendelea, basi umeamua kunionea ili waone wewe ni mwema."

Akaingia ndani. Tangu jioni hiyo hakusema naye tena. Yaani walisema, lakini njia ilikuwa ni mimi. Nikiwa nimekaa pale katikati ya uwanja nachambua mboga, namsikia, "Wifi, mwambie ndugu yako maji ya kuoga yako tayari." Na yeye yuko hapo, hatua chache, anasikia kila neno. Anasema, "Dada, mwambie nimesikia." Nami namgeukia wifi, "Amesikia." Mara nyingine nilichoka nikawaambia, "Jamani, mimi siyo simu." Wifi akasema, "Simu ingekuwa nafuu, ina kitufe cha kuzima."

Tulicheka kidogo, lakini usiku niliwaombea. Nilimwomba Mungu asiiache nyumba ile ikavunjika kwa ajili ya waya. Nilimwombea na goti.

Ikaja siku ya ukaguzi. Mwenye mzigo hutakiwa awepo, na wifi hawezi tena kutembea mwendo ule peke yake, kwa hiyo nilimshika mkono tukaenda pamoja. Ghala lile ni kubwa na lina mwangwi. Bati juu, saruji chini, na nguzo kila mahali zenye soketi zilizofungwa kwa utepe. Upande wa kulia vimepangwa vilivyopita, vimefutwa vumbi. Upande wa kushoto kuna lundo la vilivyokataliwa, maganda ya plastiki yamepasuka, vioo vimechomoza. Kule mwisho kabisa mdogo wangu alikuwa anachomeka feni. Alitupa mgongo. Aliambiwa asisogee, na hakusogea.

Cherehani sita zilikuwa zimepangwa kwenye meza ndefu, blanketi zimekunjwa chini yake. Wifi alipoziona alijisahau, akanyoosha mkono aguse moja. Miwani akamwambia kwa upole, "Bado mama, subiri kidogo."

Mkuu wa ghala akaja. Aliziangalia, akachukua waya wa ya kwanza akauinua kwa vidole viwili. "Zote zimekatwa?"

"Zote mkuu," Miwani akajibu.

"Basi tunapoteza muda wa nini? Mama, pole sana. Vitu vilivyokatwa tunavihesabu ni taka. Nani alizikata?"

"Mdogo wangu, huko huko ng'ambo," wifi akasema.

"Kwa nini?"

"Plagi za kule haziingii kwenye soketi zetu."

"Na nani alimwambia akate?"

Hapa nikamwangalia wifi. Ilikuwa nafasi yake. Mwanaume aliyemkasirisha yuko kule mwisho, na hapa kuna mkubwa wake anauliza swali lenye jibu moja. Wapagazi nao wamesimama wanasikiliza. Wifi akarekebisha mtandio wake. "Ni ujinga wetu wanawake tu, mheshimiwa. Tuliongea sisi kwa sisi, tukaona tukate."

Feni zilizimwa kule mwisho. Nikasikia sauti ya mdogo wangu, bado ametupa mgongo, lakini ameipaza itufikie. "Mkuu, anasema uongo. Ni mimi niliyesema zikatwe."

 Kisha mpagazi mmoja akashindwa kujizuia. "Leo Chomeka kasema chomoa!" Wakaangua kicheko, bati likarudisha. Hata mkuu alikohoa akiziba mdomo. Wifi alitazama chini, lakini nilimwona kona ya mdomo.

Mkuu akainua mkono wakanyamaza. "Sawa. Umesema kweli, na nakuheshimu kwa hilo. Lakini neno la mume si ushahidi. Kila anayeleta taka hapa ana maneno mazuri, mwingine ana hadithi ya kuliza kabisa. Nikiupitisha huu kwa neno lako, kesho nimwambie nini mwingine?"

"Usiupitishe kwa neno langu," mdogo wangu akasema. Akawasha feni yake.

Niliona jinsi wifi alivyoshuka mabega. Alianza kunitafuta mkono tuondoke.

Miwani hakuwa ameondoka mezani. Alikuwa amechuchumaa, anauvuta waya wa cherehani ya pili kutoka chini ya blanketi, taratibu, anauvuta tu, na waya ukawa unakuja. Ukafika mwisho wake. Akautandaza kwenye saruji. Ulikuwa mrefu kunizidi. Ncha yake ilikuwa imefungwa kitambaa kidogo cha maua, na juu ya kitambaa uzi umezungushwa vizuri na kupigwa fundo.

"Mkuu, tafadhali njoo uone."

Miwani akaenda mpaka kwenye lundo la kushoto, akarudi na friji ndogo ameikumbatia kama mtoto mzito, akaiweka sakafuni akaigeuza. Mahali pa waya palikuwa na kishina tu, urefu wa ukucha. "Hii imekatwa na anayetupa. Amekata hapa shinani, akachukua waya wote. Na zile nyingine kwenye lundo ni hivyo hivyo, nimezipitia jana. Hizi cherehani zimekatwa kichwa tu. Waya wote umeachwa." Akainyanyua ncha yenye kitambaa cha maua. "Mtu anayetupa haachi shaba nyuma, mkuu. Wala hafungi kidonda."

Mkuu akachuchumaa naye, magoti yakalia. Akaishika ile ncha akaifungua kidogo, akaona shaba inang'aa ndani, safi, haijashika kutu. 

"Haya mambo ya kuangalia ncha ulifundishwa wapi?"

Miwani akanyoosha kidole kwenye ule mgongo kule mwisho. "Na yule. Anasema tuangalie mkono wa mwisho."

Mkuu akamtazama Chomeka, akaitazama meza. Akacheka ndani ya pua. "Yaani mwalimu amekimbia somo lake." Akasimama. "Haya. Kukatwa huku sikuhesabu ni kuua. Lakini hakunifanyi niseme ni nzima pia. Mtazijaribu. Hakuna kufunga plagi, hakuna bisibisi, hakuna mafuta. Mtagusisha umeme kwenye waya kama zilivyo. Inayozunguka ni cherehani. Isiyozunguka ni taka. Mama, umekubali?"

"Nimekubali, mheshimiwa."

Wana waya wa majaribio pale ghalani, wenye klipu za meno kama mdomo wa mamba, ila walikuwa wanautumia kwa mota tupu tu. Miwani akavaa glavu, akafungua kitambaa cha kwanza, akaibana shaba kwa klipu, akawasha.

Cherehani ikanguruma. Siyo ngurumo ya ile ya miguu, hii ilikuwa nyembamba na laini kama nyuki ndani ya chupa, na sindano ikapanda na kushuka mpaka haionekani. Wifi akaweka mkono kifuani. "Eee Mola wangu."

Ya pili ikazunguka. Ya tatu ikaguna, mota inavuta lakini sindano imekaa. Miwani akazima, akangoja, akarudia. Ikaguna tu. Mimi si fundi, lakini niliona kule mwisho mdogo wangu ameinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Alisikia kitu kwenye ule mguno. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akainama kwenye feni zake, na mishipa ya shingo ikamsimama kwa kujizuia.

"Hii hapana," Miwani akasema, na sauti yake haikuwa na furaha. Akaisukuma kushoto.

Ya nne ikazunguka. Ya tano haikutoa hata mguno, ilikuwa kimya kama tofali. Akarudia mpaka mkuu akamwambia inatosha. Wifi akakigusa kitambaa cha maua cha hiyo ya tano. Alikitambua, ni cha gauni alilomshonea mdogo wake siku ya kuondoka. Alikifungua akakitia kwenye mkoba. "Hiki si cha umeme," akamwambia Miwani. Miwani akasema, "Hicho chukua, mama."

Ya sita ikazunguka.

Nne mali, mbili taka. Hizo mbili zikawekwa kando kungoja kurudishwa zilikotoka. Mkuu akampa wifi mkono, akamwambia apone goti. Tulipopita kule mwisho kuelekea mlangoni, mdogo wangu aliziacha feni akasimama wima. Wifi akapita bila kusema. Ila alipita polepole, na si kwa ajili ya goti.

Nyumbani, wakati wa chakula, mdogo wangu alishindwa kumeza. "Dada," akaniambia, "ile ya tatu ilitaka mafuta tu. Imekauka kwenye mhimili. Tone moja."

Nikamgeukia wifi kwa mazoea. Akasema, "Mwulize mbona hakusema."

"Hao wengine wenye vitu vilivyokauka huwa nawaambia?" akajibu bila kungoja nimfikishie. "Nasema tu inazunguka au haizunguki."

Wifi akaendelea kula. Baadaye kidogo akasema, kama anayeiambia sahani, "Alifanya vizuri kunyamaza." Sikujua kama nilitakiwa kulifikisha hilo. Nikaliacha lipite lenyewe.

Wakala wa mizigo alizileta cherehani uwanjani kwetu Jumamosi. Wanawake wa barazani walikuwa wameshakaa tangu asubuhi, wamegawana tayari: wifi apewe moja asiyoshirikiana na mtu, nyingine watapokezana. Hakukuwa na ubishi juu ya hiyo ya wifi, alipotaka kuanza maneno ya "mimi nitangoja", mkubwa wao akamwambia, "Kaa hapo mwalimu, goti lako si la kuchangia."

Mdogo wangu alitandika mkeka, akapanga plagi mpya mbele yake kama mtu anayeuza nyanya, akachukua kisu. Kwa kufunga plagi lazima ukate kidogo ncha ya zamani, umenye, upate shaba mpya. Akaushika waya wa cherehani ya wifi. Akaweka kisu.

"Wifi," nikasikia kutoka kwenye kiti, "mwambie ndugu yako—"

Nikasubiri niambiwe. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nikasimama nalo.

Wifi akavuta pumzi. Akanipita kwa macho. "We baba. Nani kakuruhusu ukate?"

Kisu kikasimama. Mmoja wa wanawake akauma kitenge asicheke. Mdogo wangu akainua uso, na sikumbuki kama niliwahi kumwona mtu mzima ameomba hivyo bila neno.

"Naomba ruhusa mama watoto. Kidogo tu. Hapa kwenye ncha."

"Kidogo kiasi gani?"

Akamwonyesha kwa kidole.

"Haya. Kata. Lakini uangalie unachofanya, huli sasa."

Barazani hakukubaki mtu mwenye meno ndani. Nikagawa chai. Mdogo wangu akamenya waya kwa uangalifu wa mganga, akafunga plagi, akakaza, akaipapasa mota mgongoni kwa kiganja kama anavyofanya siku zote. Kisha akamnyooshea mkewe plagi badala ya kuichomeka mwenyewe.

Wifi akaichukua. Akainama, ukutani, akachomeka. Akaweka kipande cha sare chini ya sindano, na mguu wake, ule wa kulia, akauweka juu ya pedali kwa ncha tu ya kiatu.